Neno Tulilolifumua Mtaani

Mwezi uliopita nilipeleka mikoba miwili kwa mteja, na nikiwa njiani kurudi nikapita nyuma ya shule yetu ya zamani. Dirisha la darasa la sita lilikuwa wazi. Watoto walikuwa wakiimba kwa pamoja, sauti zikipanda na kushuka kama watu wanaotwanga: go, went, gone, eat, ate, eaten, break, broke, broken. Nilisimama pale na mfuko wangu mtupu begani mpaka bawabu akaniuliza kama nimepotea.

Kama ulisoma katika shule za kanjo, yaani za baraza la jiji, upande huu wa Nairobi, rafiki yangu, wimbo huo unaujua. Vitenzi vilikuwa na safu tatu ubaoni. Safu ya kwanza ilikuwa ya wakati uliopo, ya pili ya wakati uliopita, na ya tatu iliitwa past participle. Tuliimba kila asubuhi baada ya kufagia darasa, kabla vumbi halijatulia. Mimi nilikuwa mtoto wa kupenda kila kitu kiwe mahali pake. Sufuria za mama nilizipanga, viatu mlangoni nilivipanga, na safu mbili za kwanza nilizielewa. Safu ya tatu ilinikera. Jina lake halikusema lolote.

Nikuambie kwanza tulivyoishi, maana bila hivyo hutaelewa jinsi jibu lilivyopatikana. Nyumba zetu zilikuwa za mawe, zimepangwa mistari, paa za vigae, na kila milango miwili ilitumia jiko moja. Upande wa kushoto alipika mama yangu, mtu wa Murang'a, githeri yake ya mahindi na maharagwe ikichemka tangu asubuhi. Upande wa kulia alipika jirani yetu, mama mtu mzima aliyezaliwa Mombasa, ambaye watoto wote walimwita Bibi. Kwake kulinukia iliki na tui la nazi. Hakuna aliyechora mstari sakafuni, lakini kila mtu alijua mahali ambapo makaa ya huyu yanaishia na ya yule yanaanza. Mchana mama alikuwa sokoni akiuza mboga, kwa hiyo nikitoka shule nilimkuta Bibi. Alikuwa na desturi ambayo sijaiona tena popote: akipakua, alipakua kwanza sehemu ya asiyekuwepo, akaifunika. Bakuli langu lilikuwa la bati, lenye ukingo wa buluu, na lilikaa kwenye rafu yake wala si yetu.

Baba alishona mikoba katika soko la Kariokor. Alirudi jioni akinuka ngozi na gundi, vidole vyake vina rangi ya kahawa hata Jumapili kanisani. Hakuwa msemaji.

Na alikuwepo Guka. Guka ni babu kwa Kikuyu, na ndivyo tulivyomwita mzee aliyefagia mtaa wetu kwa niaba ya kanjo. Alikuwa mwembamba, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na alipofagia alinong'ona. Maneno yake hayakueleweka na mtu. Mama na wanawake wenzake wa Murang'a walisema ni Kiswahili cha Pwani cha zamani. Bibi, ambaye Kiswahili hicho ndicho alichonyonya, alisema kwa hakika kwamba mzee yule ananong'ona Kikuyu. Kwa kuwa kila upande uliamini kwamba lugha ile ni ya upande wa pili, na heshima ya ujirani hairuhusu mtu kuuliza sana mambo ya watu wengine, miaka ilipita bila mtu kumuuliza. Sisi watoto tulimwiga. Tulitembea nyuma yake tukitikisa vichwa na kunong'ona upuuzi. Mimi pia niliiga, na nilikuwa hodari.

Basi Jumatatu moja, baada ya kuimba, niliinua mkono. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mwenye tai iliyokazwa vizuri na chaki ya akiba mfukoni. Nilimuuliza kwa nini safu ya tatu inaitwa participle.

Alisema ni jina tu. Nikauliza nani alilitoa. Darasa likaanza kucheka, si kwa ubaya, bali kwa sababu walinizoea. Waliniita Dikshonari. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini.

"Wewe, kila siku mkono juu," alisema. "Waliokutangulia walikariri, wakafaulu. Mimi mwenyewe nilikariri. Sasa nisikilize. Mpaka Ijumaa uniletee asili ya hilo neno, hapa mbele ya wenzako. Ukikosa, huo mkono nisiuone tena katika somo langu mpaka mwisho wa mwaka."

Nyuma yangu msichana mmoja akaninong'onezea, "Leo umeshikwa, Dikshonari."

Huenda adhabu hiyo inaonekana ndogo kwako. Kwangu haikuwa ndogo. Sikuwa hodari wa mbio, sikuimba vizuri, na sare yangu ilikuwa ya dada yangu iliyokatwa. Kuuliza ndiko kulikonifanya niamke asubuhi. Kukaa miezi yote iliyosalia nikiwa na swali mdomoni na mikono chini ya dawati, sikujua ningekuwa nani.

Kamusi ya shule ilikuwa moja, nayo ilifungiwa ofisini. Nyumbani tulikuwa na Biblia na kalenda. Jioni hiyo nilimweleza mama. Alisema mwalimu akikuambia ukariri, kariri, na niangalie githeri isishike chini. Baba alikuwa akinywa chai. Alishusha kikombe.

"Mtu akiniletea mkoba," alisema, "akataka nimtengenezee mwingine kama huo, nafanya nini kwanza?"

"Unaufumua."

"Basi."

Akarudia chai yake. Lakini mimi nilikuwa nimemwona akifanya kazi hiyo mara nyingi wakati wa likizo. Mafundi wengine waliutazama mkoba kwa nje, wakaukisia. Baba alikata uzi mshono kwa mshono, akatenganisha vipande, akavilaza mezani na kuvipa namba kwa chaki kwa mpangilio ule ule vilivyokuwa vimeunganishwa. Alisema ngozi haidanganyi ikishalala chini. Nikachukua kipande cha karatasi ya unga, nikaandika neno langu, nikatafuta mshono. Niliupata katikati. Upande mmoja ulikuwa parti, na huo niliutambua, kwa sababu part ni sehemu. Mtoto yeyote wa darasa la sita aliijua. Upande wa pili, ciple, ulikataa kusema. Niliupa namba mbili, nikauzungushia duara.

Jumanne nilipotoka shule nilimkuta Guka kando ya mfereji akifagia na kunong'ona, na safari hii sikumfuata ili kumwiga. Nilimfuata kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya ila kutembea nikitamka neno langu kwa sauti, nusu moja baada ya nyingine. Alisimamisha ufagio.

"Umesema nini?"

Nilirudia. Alinitazama kutoka chini ya ile kofia, akaniuliza kama nimekuja kumcheka. Nikasema la, Guka, nina neno nimetumwa na mwalimu. Akasema watoto wanaomwiga anawajua mmoja mmoja, na anajua aliye hodari kuliko wote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kesho kabla ya shule uje na ufagio," alisema. "Ukifagia kutoka mfereji hadi lango, tutazungumza."

Jumatano nilitangulia jua. Alinifundisha kunyunyiza maji kwanza, kusimama upande wa upepo, kufagia kwa kuvuta badala ya kusukuma. Nilidhani ni kazi ya kuhamisha takataka tu. Kumbe ilikuwa na utaratibu wake. Milango ilifunguliwa, redio zikawashwa, harufu ya mandazi ikatoka nyumba ya pembeni. Tulipofika langoni aliegemea mti wa ufagio, akaniomba ile karatasi.

Alisema kile kipande cha pili kimekatwa vibaya na watu waliokipokea baadaye, lakini anayajua maneno kilikozaliwa. Alisema kwa Kilatini sehemu ni pars, na kushika au kuchukua ni capere. Mtu anayeshika sehemu yake katika kitu pamoja na wengine anaitwa particeps. Neno hilo, alisema, padri alikuwa akilisema altareni kila siku wakati wa kuchanganya maji na divai, nyakati ambazo misa ilikuwa ya Kilatini na yeye ndiye aliyeshika kile kichupa cha maji. Akaongeza kwamba hata neno disciple, mwanafunzi wa Yesu, ni ndugu wa neno hilo.

Niliuliza nani alimfundisha.

"Mapadri. Miaka miwili katika seminari ndogo. Nilikuwa niwe padri." Alivuta majani machache kwa ufagio. "Kisha vita vikaja huko kwetu, shule ikafungwa. Wengine waliondoka na nguo. Mimi niliondoka na haya, na ninayarudia ili yasipotee."

Kwa hiyo ndicho alichokuwa akinong'ona miaka yote. Haikuwa Kikuyu wala Kiswahili cha Pwani. Alikuwa akiimba safu zake.

Sasa nilikuwa na vipande viwili vyenye namba, lakini baba asingekubali mkoba huo. Kushika sehemu, ndiyo, lakini sehemu ya nini? Kitenzi cha safu ya tatu kinashiriki na nani? Guka alisema hapo ndipo masomo yake yalipokatikia.

Alhamisi Bibi alikuwa anapika mbaazi. Nilikaa kwenye kigoda, nikakuna nazi kwenye mbuzi, nikamweleza kila kitu. Alicheka sana aliposikia kwamba Kikuyu cha Guka si Kikuyu. Kisha akawa makini. Alisema jambo hilo si geni kwake. Katika Kiarabu alichofundishwa katika chuo cha Kurani akiwa mtoto, neno huanzia kwenye mzizi wa herufi, na mzizi wa kushirikiana ndio uliotupa shirika, mshirika, na ushirika. Alinionya hapo hapo kwamba watu hushirikiana chakula na kazi, lakini Mungu hashirikishwi na yeyote, nisije nikaandika vinginevyo katika hilo daftari langu. Nilimwahidi.

"Na huyo mwenye kushika sehemu," aliniuliza, "ana nyumba ngapi?"

Nilisema sijui.

"Wewe unalala wapi?"

"Kwetu."

"Na unakula wapi?"

Bakuli langu lilikuwa pale pale mbele yangu, limefunikwa.

"Mama yako akikuita unakwenda, nami nikikuita unakuja," alisema Bibi. "Hujawahi kuniambia wewe ni wa kule. Sasa lichunguze neno lako. Labda nalo linakula kwa watu wawili."

Niliacha nazi. Nikachukua broken. Nikiandika kwamba mtu amevunja kikombe, has broken, lile neno linafanya kazi ya kitenzi. Nikiandika kikombe kilichovunjika, a broken cup, lile lile neno limekaa mbele ya jina la kitu na kulieleza, kama wanavyokaa maneno ya mkubwa na mdogo na mweupe. Nikajaribu written. Nikajaribu stolen, na frozen, na eaten. Yote yalikuwa na bakuli kila upande. Nilijaza ukurasa mzima. Bibi alilazimika kumalizia nazi mwenyewe, na hakulalamika.

Ijumaa nilisimama ubaoni. Nilichora neno likiwa limefumuliwa, vipande viwili vyenye namba, chini yake maneno ya Kilatini, na kando mifano yangu katika nyumba mbili. Chaki ilivunjika, nikaendelea na kipande. Nilipomaliza, mwalimu alisogea karibu na ubao, akasoma taratibu kutoka juu hadi chini, kisha tena.

"Kilatini umekitoa wapi?"

"Kwa Guka, Mwalimu. Mzee anayefagia mtaa wetu."

Darasa lililipuka. Mvulana mmoja alianza kutikisa kichwa na kunong'ona vile tulivyozoea. Nilijua kwamba kama mwalimu angecheka pia, kazi yangu yote ingefutwa kwa mkono mmoja, na kwamba kama ningesema nimeiona kwenye kamusi ya mtu, bado ningeweza kujiokoa. Niliifikiria hiyo njia. Sitakuficha. Lakini nilikuwa nimefagia kutoka mfereji hadi lango.

"Ni yeye," nilisema. "Alisomea upadri."

Mwalimu aliutazama ubao tena. Kisha akasema, "Kamlete."

Mtaa wetu ulipakana na shule, nami nilikimbia. Guka alinisikiliza, akaenda mferejini, akanawa mikono na uso, akavua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake. Kilikuwa cheupe kabisa. Ufagio aliuegemeza nje ya mlango wa darasa, akaingia, akasimama wima kama mtu anayesubiri kuhojiwa na askofu.

Mwalimu alimuuliza kwa adabu kama ni kweli anakijua kile kitenzi kilichoandikwa ubaoni. Guka aliunganisha mikono mgongoni, akatazama juu ya vichwa vyetu, na akaimba:

"Capio, capere, cepi, captum."

Aliimba kama sisi. Sauti ilipanda pale pale ambapo zetu zilipanda, ikashuka pale pale. Kisha akaleta kitenzi kingine, na kingine, bila kupumzika, mzee wa miaka mingi akiwa na sauti ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa na kukataa kukosea. Yule mvulana aliyekuwa akiiga aliacha mdomo wazi. Kutoka nyuma mtu alisema kwa mshangao wa kweli, "Wee, yeye ana safu nne."

"Nne," alisema mwalimu. "Na sisi tatu zinatushinda."

Akavuta kiti chake mwenyewe kutoka nyuma ya meza, akakifuta vumbi la chaki kwa kiganja, akamwambia, "Keti, Mwalimu." Nilimsikia vizuri. Darasa zima lilisikia. Guka alikaa ncha ya kiti, na mwalimu akaninyooshea kidole.

"Mkono wako," alisema, "uinue unapotaka. Lakini ukiuliza, uje na vipande."

Tangu wiki hiyo hakuna mtoto aliyemfuata Guka akinong'ona. Waliomfuata walikuwa wakimwomba awape vitenzi, na kwa muda fulani ungeweza kupita katika mtaa wa kanjo, Nairobi, ukasikia watoto wa wauza mboga wakiruka kamba kwa Kilatini. Wanawake wa pande zote mbili walikutana jikoni, wakalaumiana kwa kucheka, kila mmoja akisema aliwaambia wenzake kwamba hiyo lugha haikuwa yao.

Shule niliiacha kidato cha pili baba alipougua, na nikachukua meza yake Kariokor. Sijajuta. Nimesoma peke yangu, kwa utaratibu, na neno hilo nimelifuata mbali zaidi ya pale tulipoliacha. Nilijifunza kwamba Warumi nao hawakulibuni; walikuta Wagiriki wakiliita kwa jina lenye maana ile ile ya kushiriki, wakalitafsiri. Nilijifunza kwamba Wafaransa wa zamani ndio walioliongezea l pale mwishoni, kwa hiyo Guka alikuwa sahihi kwamba lilikatwa vibaya. Wale wa kale walisema linashiriki kwa jina na kwa kitenzi, maana vivumishi waliviweka kundi moja na majina. Bibi alikuwa amefika hapo hapo akiwa na mwiko mkononi. Kuhusu disciple, wataalamu hawakubaliani kama ni ndugu yake au la, kwa hiyo hapo nimeweka alama ya kuuliza. Na neno manispaa, lililotujia kutoka kwa Waingereza, limetoka kwenye kushika kule kule: ni watu walioshika wajibu wa mji. Ningependa kumwambia hilo mzee aliyeufagia mji kwa mikono yake.

Hayupo tena. Alirudi kwao alipostaafu, na habari za kifo chake tulizipata zikiwa zimechelewa. Bibi naye alizikwa Mombasa. Mistari yetu ya nyumba imeanza kubomolewa, yanajengwa maghorofa, na kila nyumba ina jiko lake ndani ya mlango wake. Ni safi, na sitasema uongo kwamba napenda moshi. Ila mtoto wa leo analala kwao na kula kwao tu, amefungiwa ndani. Na mtu anaweza kuishi ukuta kwa ukuta na jirani miaka kumi asijue kichwani mwake mna nini, ingawa hilo, nikiwa mkweli, hata sisi lilitukaribia.

Nina madaftari saba ya maneno. Kila neno nimeliandikia asili yake na chini yake mahali nilipoipata, kama inavyopasa, ili mtu akitilia shaka aende akajionee. Mara nyingi chanzo ni kamusi, na siku hizi zipo nzuri. Mpwa wangu, anayesoma chuo kikuu, alilipitia daftari la kwanza juzi akaniambia kwamba ukurasa wa kwanza una kasoro, nibadilishe chanzo, kwa kuwa kamusi ninayo na ndiyo inayokubalika. Nilimwambia kamusi nimeiandika pia, mstari wa pili, kwa kuthibitisha. Mstari wa kwanza utabaki ulivyo: Guka, mfagiaji wa mtaa, Jumatano asubuhi, langoni.